Mkwe Wangu na Sukuma Yake

Mimi sina ugomvi na sukuma wiki. Nimeila utotoni, nimelea nayo watoto, na kama ungeniuliza zamani ningekuambia mboga hiyo haina siri: unaosha, unakata, unatia jikoni, unakula, maisha yanaendelea. Kumbe usilolijua ni usiku wa giza. Tangu nihamie kwa binti yangu, baada ya goti langu la kulia kuigomea cherehani ya miguu, nimelishwa sukuma kwa namna ambazo hata aliyeipanda hakuziwazia, na kwa muda mrefu sikuelewa kabisa kilichokuwa kinaendelea katika nyumba ile. Nasema hivi nikiwa mtu mwenye hasira za karibu. Kutoelewa jambo huniudhi kuliko kutukanwa.

Mume wa binti yangu ni mpishi. Simaanishi mwanamume aliyekaanga yai mara moja akajisifu mtaa mzima. Namaanisha mpishi wa mshahara, mkuu wa jiko katika kantini ya kiwanda cha sabuni, mtu anayeweza kukata kitunguu huku anakutazama wewe usoni na vidole vyake vyote vikabaki salama. Hata nyumbani tunamwita Mpishi. Binti yangu, ambaye anasuka nywele saluni, humwita hivyo hivyo, isipokuwa wakigombana. Hapo humwita jina lake kamili pamoja na la baba yake.

Basi kiwandani alikuwa ameletwa meneja mpya, na meneja mpya hana budi aonekane anafanya kitu. Huyu alianzia jikoni. Nyama ikapunguzwa, sukuma ikaongezwa, ikawa sukuma Jumatatu, sukuma Jumanne, mpaka wafanyakazi wakaanza kuguna kwenye foleni. Meneja akatangaza kwamba Ijumaa ya mwisho wa mwezi atakaa mezani na wafanyakazi ale wanachokula wao. Akiridhika, Mpishi abaki na jiko lake. Asiporidhika, jiko litafungwa na chakula kitaletwa na kampuni ya nje, kimefunikwa kwenye vyombo vya plastiki, kila mtu na chake.

Mpishi alituambia hayo akiwa amesimama mlangoni, hajavua hata viatu.

"Nina mpaka Ijumaa hiyo kutafuta sukuma ambayo mtu ataila kila siku asiichoke," alisema. "Nitaijaribia hapa nyumbani. Nyinyi ndio mtakuwa meneja wangu."

"Tena meneja mkali," binti yangu akasema huku anacheka.

Angekuwa mkali kweli, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Alianza na ile ya kawaida. Aliyaviringisha majani pamoja, akayakata membamba kabisa, akakaanga kitunguu na nyanya, akatia sukuma, akaigeuzageuza, akaipua ingali kijani. Kwa macho ilikuwa ya kupigiwa mfano. Nikatia mdomoni, nikatafuna, nikasubiri. Hakuna kitu. Chumvi haikuwemo, hata ya kusingizia.

Yeye hakuwa amekaa. Alisimama upande wa pili wa meza, mwiko mkononi, anatutazama nyuso zetu moja baada ya nyingine.

"Ikoje?"

"Tamu!" binti yangu akajibu upesi.

Nilimgeukia. Mtoto huyu nimemlea mimi. Alipokuwa mdogo, supu ikipungua chumvi alikuwa anasukuma bakuli mpaka linaanguka.

"Na mama je?"

"Mungu akubariki, baba," nikasema, maana hilo si uongo, ni dua.

Mtu ataniuliza kwa nini sikusema. Ningesemaje? Nipo kwenye nyumba ya mkwe wangu, nimelalia godoro alilolinunua yeye, ananipikia kwa mikono yake baada ya kutwa nzima ya kuwapikia wengine. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikupewa jembe, nilipewa sahani. Kuna mama mkwe anayeanza kukosoa mboga hapo? Labda yupo, lakini mimi nilifundishwa kwamba cha mkwe unakula, unashukuru, na kama kina kasoro unaimezea na maji. Nikamezea na maji.

Jioni iliyofuata alileta ya tui la nazi na tangawizi. Harufu yake ilinitoa chumbani bila fimbo yangu ya kutembelea. Nikajisemea, haya, jana alichoka tu, leo ndiye mwenyewe. Tonge la kwanza likanipiga pilipili mpaka masikioni. Binti yangu machozi yalimtoka akayafuta kwa mgongo wa mkono, akasema, "Hii imenifika moyoni." Mpishi, safari hii akiwa amekaa nasi, akala yake polepole mpaka akamaliza, wala hakukunja uso, wala hakutafuta glasi.

Nilimtazama sana yule mwanamume. Ama ana koo la chuma, ama kuna jambo silijui.

Ikaja ya karanga za kusaga. Aliichemsha sukuma kwanza, akaikamua, akaipika na karanga mpaka ikawa nzito. Ilikuwa na sukari. Sisemi utamu wa karanga, nasema sukari, ya kwenye chai, nyingi. Nilijiuliza kama huu ni upishi wa kisasa ambao sisi wazee umetupita. Kesho yake akatuletea majani mazima, ameyatia kwenye maji ya moto yakalegea, akayafungia wali na nyama ya kusaga ndani, vifurushi vidogo vidogo, akavipika kwa mvuke. Wallahi vile vilikuwa chakula cha peponi. Nilikula mpaka nikaona aibu, nikamwambia kwa moyo mweupe kwamba ni vitamu. Yeye akanitazama kwa namna ile ile aliyonitazama nilipombariki kwa mboga isiyo na chumvi, akatikisa kichwa, akaondoa sahani. Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuuma. Mpishi mbaya ningemwelewa. Mpishi mzuri ningemwelewa pia. Lakini huyu leo ananipeleka peponi, kesho ananimwagia bahari mdomoni, na uso wake ni ule ule!

Bahari ilikuja kwenye ile ya limau. Sukuma mbichi, haikuona moto hata kidogo. Aliikata nyembamba, akaifinyanga kwa mikono na chumvi mpaka ikalainika na kutoa maji, akatia limau na kitunguu saumu. Unaposikia "akatia chumvi", usifikirie chumvi unayoijua wewe. Ulimi wangu ulijikunja. Nilikunywa jagi zima, nikaenda kulijaza tena. Binti yangu alifumba macho kwa muda, mabega yakampanda, kisha akayafumbua na kusema kwa sauti nyembamba, "Mpishi, hii... hii sijawahi kula."

Na hilo nalo, ukiliangalia, halikuwa uongo.

Nilimsubiri mpaka mumewe alipokwenda kazini. Binti yangu alikuwa anajifumua misuko mbele ya kioo, mimi nashona vifungo vya shati.

"Wewe mtoto," nikamwambia, "unamdanganya mumeo kwa faida ya nani?"

"Kwani wewe humdanganyi?"

"Mimi namwombea baraka. Sitaki majibu ya mkato, nijibu."

Akaweka kitana chini.

"Mama, hanitaki tena."

Sindano ilinichoma kidole. "Amekuambia hivyo?"

"Hajaniambia. Lakini mimi si mtoto. Nimenunua mafuta mapya ya kujipaka, ya maua, ghali. Saluni nzima walinisifu, hata wateja. Nikakaa naye kochi moja jioni nzima. Hakusema kitu. Mama, mwanamume huyu zamani nikibadilisha sabuni tu anajua! Akifungua mlango anasema, leo umepitia sokoni, leo umemsuka mtu mwenye nywele za dawa. Sasa hata nikijimwagia chupa nzima, napita tu kama upepo."

"Labda ana mafua."

"Mafua ya miezi yote hii? Pua haina kitu, mama. Ni moyo ndio umeziba. Ana mtu."

"Na huyo mtu ndiye anayemfundisha kutia sukari kwenye sukuma?"

"Sijui! Sijui anachotaka. Anapika vibaya, halafu anatutazama. Kwa nini anatutazama vile? Mimi naona ananipima. Anasubiri nimkosoe, apate sababu. Basi sitampa. Atapika mawe, nami nitasema tamu."

Niliifikiria hoja hiyo kwa muda, na kwa bahati mbaya niliiona ina akili. Nilikuwa na zangu pia. Siku moja niliamini ameanza kuchanganyikiwa. Siku nyingine niliamini ni mimi anayenipima, kwamba amechoka kunilisha na anaona haya kunifukuza, basi anatumia chumvi. Hilo lilinikosesha raha kweli kweli. Nikaanza kuhesabu ndugu ninaoweza kwenda kukaa kwao, na hesabu ile haikuchukua muda.

Halafu kukawa na ile Jumapili. Nilikuwa uani naanua nguo. Harufu ya kuungua ikanifikia kule kwenye kamba, kali, ya sufuria inayolia. Nikakokota goti langu mpaka jikoni nikitegemea kukuta mtu hayupo. Mpishi alikuwepo. Alikaa kwenye stuli, ameupa mgongo moto, ananyofoa ile mishipa minene ya katikati ya majani na kuitupa kwenye beseni, anapiga mluzi. Moshi ulikuwa umeshaanza kutoka chini ya mfuniko.

"Baba! Sufuria!"

Aliruka, akazima gesi, akafunua. Kisha akafanya kitu ambacho nilikaa nakifikiria siku nzima. Hakuinamia sufuria, hakuchovya kidole, hakuonja. Alinigeukia mimi.

"Mama, harufu imeshaingia kwenye mboga, au iko chini ya sufuria tu?"

"Si uonje mwenyewe?"

"Nataka maoni yako."

Mpishi mkuu wa kiwanda kizima ananiuliza mimi, fundi cherehani, kama mboga yake imeungua! Mboga yenyewe ilikuwa imeungua mpaka inachekesha.

"Imepona," nikasema.

Akapumua, akaipakua, na mchana ule tulikula majivu. Binti yangu akasema ina ladha ya kuni.

Nilifikiri tumefika mwisho wa maajabu. Hatukuwa tumefika. Ijumaa ya meneja ilipobaki siku chache, Mpishi alituita mezani akiwa na uso wa furaha, wa kwanza kuuona tangu nihamie.

"Nimeamua," alisema. "Ijumaa nampa meneja ile ya limau."

"Ipi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Ile mbichi ya kufinyanga. Mmekula nyingi, lakini ile ndiyo iliyowagusa. Wewe, mama, uliinuka kwenda kujaza jagi ukarudi kuimalizia. Na huyu mke wangu alifumba macho. Nimempikia muda wote tangu tuoane, sijawahi kumwona anafumba macho namna ile. Nitaipika vile vile, kipimo kile kile."

Nilimtazama binti yangu. Rangi ilikuwa imemtoka. Nikamkanyaga mguu chini ya meza, nikimaanisha sema, sema sasa. Midomo yake ikafunguka.

"Umechagua vizuri," akasema.

Usiniulize nilivyojisikia. Nilijua kabisa kitakachotokea: meneja ataweka kile kitu mdomoni mbele ya wafanyakazi wote, atatema, na kabla ya Jumatatu jiko la mkwe wangu litakuwa limefungwa kufuli. Na tutakuwa tumelifunga sisi, mimi na binti yangu, kwa kusema "tamu" na "Mungu akubariki". Nilitaka kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno likagoma kutoka. Adabu uliyoizoea miaka yote haiondoki kwa sababu tu umeihitaji iondoke.

Basi hasira ikanifanyia kazi ambayo ulimi uliishindwa. Kesho yake Mpishi alirudi mapema, binti yangu akiwa bado saluni. Nikamwambia akae, leo nitamtengenezea chai mimi. Nikachemsha chai ya maziwa nzuri kabisa, nikatia iliki, na badala ya sukari nikachota chumvi, kijiko kilichojaa, kisha kingine. Nilijisemea: leo utaionja dawa yako. Utatema, utaniuliza, mama, umenitilia nini, nami nitakujibu, ndicho tunachokula sisi kila siku humu ndani! Nilikuwa nimeshapanga mpaka sauti nitakayoitumia.

Akapokea kikombe kwa mikono miwili, kama anavyofanya siku zote. Akapuliza. Akanywa funda la kwanza. Nikasubiri.

Akanywa la pili. Akanieleza kuhusu foleni ya kantini. Akanywa mpaka akafika chini, akakiinamisha kikombe kumalizia, akakiweka mezani.

"Asante sana, mama," akasema. "Hakuna mtu anayepika chai tamu kama wewe."

Nilivuta kiti nikakaa mbele yake.

"Baba," nikasema, "nimekutilia chumvi."

Alitabasamu, akidhani ni utani. Kisha akakitazama kikombe. Akachovya kidole kwenye masazo, akakilamba, akasubiri. Akalamba tena. Nikaona uso wake unavunjika polepole, na mimi sijawahi kuona mkwe wangu akiwa hivyo na sikutaka kumwona, lakini sikuwa na pa kuweka macho.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu yale mafua ya wakati wa baridi. Mafua yaliondoka, harufu haikurudi. Wala ladha. Nasikia moto, nasikia baridi, nasikia kitu kigumu na laini. Pilipili nasikia inachoma kidogo, kwa mbali. Basi. Nilikwenda kwa daktari, akasema huenda ikarudi, huenda isirudi."

"Na hukusema."

"Niseme nini, mama? Mpishi asiye na ulimi? Nikajiambia nitapika kwa macho na kwa mazoea. Kantini kuna watu wanaonisaidia, wanatia chumvi wao. Lakini hizi za Ijumaa ni mapishi mapya, mazoea hayapo. Nikasema nitatazama nyuso zenu." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Nyinyi ndio mlikuwa ulimi wangu."

Maneno yale yananiuma mpaka leo. Mtu alitukabidhi ulimi wake, tukautumia kumdanganyia.

"Na mkeo? Hata mkeo?"

"Huyu nilimpata kwa kumpikia," akasema, anakitazama kikombe. "Sina sura, sina mali. Alikuja kantini kumtembelea rafiki yake, akala sahani yangu, akarudi kesho yake kuuliza nani amepika. Nikimwambia kile alichokipenda hakipo tena, atakuwa ameolewa na nani?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nyumba ile ilikuwa imeficha zaidi ya maradhi. Mlango ukafunguliwa. Binti yangu akaingia na mkoba wake wa vitana, akatukuta tumekaa kama watu waliofiwa. Mpishi hakuweza kuanza, nikaanza mimi. Nikasimulia yote, pamoja na chai. Alisikiliza amesimama. Nilipomaliza alimgeukia mumewe.

"Kwa hiyo huna mwanamke?"

"Mwanamke gani?" Mpishi akashangaa kweli kweli.

"Na mafuta yangu ya maua?"

"Mafuta gani?"

Alimpiga kwa mkoba begani, akampiga tena, kisha akauacha mkoba ukaanguka, vitana vikatawanyika sakafuni, akamkumbatia mumewe kichwa pale pale kitini alipokaa, huku analia na kumwita jina lake kamili pamoja na la baba yake. Mimi nikainama kuokota vitana, maana ndicho kitu pekee nilichokielewa pale.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Tulipika tangu mchana mpaka magharibi. Ile ya limau tuliizika rasmi, na tukarudi kwenye ya kawaida: majani membamba, kitunguu kingi kilichokaangwa mpaka kikalegea, kitunguu saumu, moto mkali, muda mfupi. Mpishi anapika, sisi tunaonja. Usidhani ilikuwa rahisi. Binti yangu alionja ya kwanza, na neno likamtoka lenyewe.

"Tam..."

"Wewe!" nikamkemea.

Akafumba mdomo. Akavuta pumzi kama mtu aliye karibu kuruka ndani ya maji.

"Chumvi imezidi," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetukana.

Mpishi hakukasirika. Aliitupa ile, akaosha kikaango, akaanza upya. Mara chumvi imepungua, mara mafuta yamekuwa mengi, mara imekaa motoni mno. Kadiri tulivyomkosoa ndivyo alivyochangamka. Mwisho alipata kipimo cha kila kitu kwa kijiko, akakizidisha kwa idadi ya watu wake wa kantini, akakikariri kwa sauti. Tuliionja ile ya mwisho, mimi na binti yangu, tukatazamana, tukachota tena.

"Sasa sikiliza, baba," nikamwambia. "Kesho pika hivi hivi, unyamaze. Tatizo lako halimhusu meneja. Atakula, ataridhika, atakwenda zake."

"Mama anasema kweli," binti yangu akaongeza. "Usiseme kitu."

Mpishi alikuwa anafuta jiko.

Ijumaa alirudi nyumbani mapema kuliko kawaida, na chini ya kwapa alikuwa na visu vyake, amevifungia kwenye aproni. Tukajua kabla hajakaa.

"Hakuipenda?" binti yangu akauliza.

"Aliipenda. Alikula akaongeza. Wafanyakazi walipiga meza kwa mikono." Alivua viatu, akavipanga vizuri. "Halafu akaniita. Mbele yao wote, kwa utani tu, kama watu wanavyowaambia wapishi. Akaniuliza, wewe mwenyewe unaionaje?"

"Ukasema nzuri," nikasema. Nilikuwa namsihi, jambo lenyewe likiwa limeshapita.

"Nilitaka kusema nzuri. Nikaziona zile nyuso, mama, zinacheka, na sikujua zipi ni za kweli. Nikasema sijui, siwezi kuonja. Nikamwambia yote."

Meneja hakuwa mtu mbaya, alisema. Alimshika hata bega. Lakini akasema jiko la watu wengi vile haliwezi kushikwa na mtu asiyejua kama kitu kimechacha au kimeungua, na hapo, nikikumbuka ile Jumapili, sina cha kumjibu. Kantini haitafungwa, sukuma itapikwa kwa kipimo chake, lakini Jumatatu anakuja mkuu mwingine wa jiko. Yeye atakata mboga na kutunza stoo.

Mpaka leo sijui kama tulifanya vizuri. Tulipomdanganya tulikuwa tunamwangamiza, na tulipomfundisha ukweli aliuchukua akaenda kujiangamiza nao mwenyewe. Nimelizungusha jambo hili kila upande na bado halinikai. Ningekuwa na mtu wa kumkasirikia ningepata nafuu.

Jioni ile tulidhani hataki kuona jiko. Binti yangu alikuwa ameshavaa viatu akanunue mkate. Lakini Mpishi aliinuka, akafungua ile aproni, akatoa kisu kimoja. Akachemsha viazi, akaviponda na maziwa, akachemsha majani ya sukuma kando, akayakatakata madogo kabisa, akavichanganya. Hakutuuliza kitu. Alitupakulia, akajipakulia, akakaa, akainamia sahani yake.

Tukala. Mimi nilionja, nikajua nilichokionja, nikangoja. Halikuwa langu la kusema.

"Maziwa yameanza kuchacha," binti yangu akasema.

Mpishi aliinua kichwa.

"Si mabaya. Ni uchachu wa mbali, unakuja nyuma ya kiazi." Binti yangu alitia kijiko kingine mdomoni, akatafuna taratibu, anatafuta. Kuhusu chakula mwanangu si mtu wa maneno mengi. Kwa wiki zote zile neno lake lilikuwa moja. "Kiazi chenyewe hakina makuu, kimetulia tu. Halafu sukuma inakuja. Ina uchungu, lakini mdogo, uko huku pembeni, karibu na koo. Ukiumeza unabaki kidogo, kisha unageuka kama utamu. Umeufikia?"

Mpishi alitia kijiko chake mdomoni, akafumba macho.

"Bado," akasema. "Endelea."

Binti yangu akasogeza kiti karibu naye, akaendelea. Niliichukua sahani yangu na fimbo yangu nikaenda kumalizia chumbani, kwa sababu kuna mambo ambayo mama mkwe hatakiwi kuyaona. Niliwasikia kupitia ukuta mpaka chakula chao kilipopoa, yeye anatafuta maneno, na mumewe anatafuna polepole, anamwambia asiruke kitu.